Kufuatilia baridi yabisi kwa vipimo vya damu na picha: hatua kwa hatua

Dada yangu ana baridi yabisi, huu ni mwaka wa tisa. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kutoa majibu, kuandika dawa ni kazi ya daktari. Kwa hiyo ugonjwa huu nimeuona pande mbili: kazini, damu ya watu nisiowajua ikishuka taratibu ndani ya kibomba, na nyumbani, dada akishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji saa moja asubuhi.

Nilichokiona pande zote mbili ni hiki: wagonjwa wengi wamepimwa sana, lakini vipimo vyao havina mfuatano. Mtu anapima ESR hapa, CRP kule (vipimo viwili vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini), eksirei ya goti mwaka huu, ya mkono mwaka kesho, na hakuna karatasi mbili unazoweza kuziweka sambamba. Kipimo kimoja cha baridi yabisi hakisemi mengi. Kinaanza kusema kikilazwa kando ya mwenzake wa miezi mitatu iliyopita.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa huu, au anayemwangalia mzazi, mke au ndugu mwenye nao.

Kwanza: ujue unafuatilia nini

Baridi yabisi ninayoizungumzia ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia utando laini uliomo ndani ya kiungo. Utando unavimba, kiungo kinajaa maji, kisha gegedu, yaani mfupa laini unaofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe vinaanza kuliwa. Mtaani jina hili hupewa kila maumivu ya maungio, na wengi wanaamini huletwa na kulala sakafuni au kuoga maji ya baridi. Jongo nalo huingizwa humo humo, ingawa ni ugonjwa mwingine kabisa, wa asidi ya yuriki. Kama hujawahi kuambiwa waziwazi una upi, uliza kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye vipimo vya kufuatilia, maana havifanani.

Ukishajua, kuna mambo matatu ya kufuatilia, na kila moja lina vipimo vyake. La kwanza ni moto: ugonjwa unawaka kiasi gani leo? Hapo kuna viungo vyenyewe, ESR na CRP. La pili ni hasara: umeshakula nini? Hapo kuna eksirei. La tatu ni dawa: ini, figo na damu vinaivumilia? Hapo kuna FBP, yaani hesabu ya chembe zote za damu, na vipimo vya ini na figo. Altrasaundi na MRI (picha ya sumaku) huona moto na hasara kwa pamoja, nami nitaeleza kwa nini hazihitajiki kila safari.

Ukipewa kipimo, jiulize kinajibu swali lipi kati ya hayo matatu. Kama hujui, muulize daktari. Hilo ni swali la haki, na daktari makini halioni kuwa utovu wa adabu.

Pili: weka msingi

Vipimo vya mwanzo, kabla dawa haijaanza au mapema iwezekanavyo baada ya kuanza, ndivyo vitakavyokuwa kipimo cha vingine vyote miaka inayokuja. Hapa usibane sana matumizi.

Msingi una RF na anti-CCP, vipimo viwili vya kingamwili katika damu, mara moja. RF ni kingamwili iliyoelezwa na Erik Waaler wa Norway mwaka 1940, na imezoeleka mno kiasi kwamba watu huiita "kipimo cha baridi yabisi". Siyo. RF inaweza kutoka chanya kwa mwenye kifua kikuu, homa ya ini C, malaria ya mara kwa mara, kichocho, au mzee tu ambaye viungo vyake ni vizima. Na wako wagonjwa wa kweli ambao RF yao ni hasi hadi leo. Anti-CCP ni makini zaidi: ikitoka chanya kwa mtu ambaye viungo vyake vimevimba, haielekei kuwa imekosea, na mwenye kiwango cha juu yuko katika hatari kubwa zaidi ya mifupa kuliwa, kwa hiyo daktari atataka kuanza dawa mapema na kwa nguvu.

Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vya kuutambua ugonjwa huu vina alama 10, na 6 zinatosha. Damu yote ikijumlishwa, yaani kingamwili pamoja na ESR au CRP, haifikishi zaidi ya alama 4. Viungo vyenyewe vina 5, na muda wa wiki 6 au zaidi una 1. Hata waliotunga vigezo hawakukubali mtu apewe jina la ugonjwa kwa karatasi ya maabara peke yake.

Ukishapima RF na anti-CCP, usizirudie kila kliniki. Hazipandi na kushuka pamoja na maumivu yako. Nimepokea sampuli za mtu yuleyule kwa ajili ya RF mara nne ndani ya mwaka mmoja; hela hiyo ingemtosha eksirei nzuri ya mikono na miguu.

Vingine vya msingi ni hivi: FBP, vipimo vya ini (ALT na AST), figo (kreatini), homa ya ini B na C, VVU, eksirei ya kifua, na eksirei ya viganja viwili na nyayo mbili. Nyayo nazisisitiza, na nitazirudia.

Tatu: hesabu viungo kabla ya kwenda maabara

Kipimo bora kuliko vyote hakipitii mikononi mwangu. Ni vidole vya daktari vikibonyeza viungo 28: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo viwili vya mikono, viungo kumi vya konzi (pale vidole vinapoanzia), kumi vya katikati ya vidole pamoja na cha kidole gumba, na magoti mawili. Anahesabu vinavyouma akibonyeza, kisha vilivyovimba. Hesabu hizi ni mbili tofauti, maana kiungo kinaweza kuuma bila kuvimba.

Ukitaka alama isiyohitaji maabara kabisa, iko CDAI. Jumlisha idadi ya viungo vinavyouma, idadi ya vilivyovimba, alama unayojipa wewe kuanzia 0 hadi 10 ya jinsi ugonjwa unavyokusumbua, na alama ya daktari kuanzia 0 hadi 10. Jumla ya 2.8 au chini ni ugonjwa uliotulia. Hadi 10 unawaka kidogo, hadi 22 wastani, zaidi ya 22 unawaka sana. Mfano: viungo 4 vinauma, 3 vimevimba, umejipa 4, daktari amekupa 3. Jumla 14, wastani. Kwa aliye mbali na maabara, au ambaye mwezi huu pesa haipo, alama hii inatosha kabisa kumwambia daktari kama dawa inafanya kazi.

Nyingine ni DAS28, inayoingiza ESR au CRP na kukokotolewa kwa simu. Chini ya 2.6 ni kutulia, zaidi ya 5.1 ni kuwaka sana.

Vidole vya miguu havimo katika 28 hizo. Mtu anaweza kupewa alama nzuri huku akichechemea kwa sababu nyayo zinawaka chini ya vidole. Vua viatu, na umwonyeshe daktari hata kama hajauliza.

Nyumbani andika jambo moja tu kila asubuhi: umechukua dakika ngapi tangu kuamka hadi viungo kulainika. Dada alikuwa anaandika nyuma ya kalenda ya ukutani. 90, 90, 75, 60. Nilipoiona kalenda ile ndipo nilipoelewa kwamba dawa imeshika, wiki tatu kabla ya ESR kuniambia hivyo.

Nne: ESR na CRP, na jinsi zinavyodanganya

Niruhusu nikae hapa, maana hapa ndipo ninapofanya kazi.

ESR ni kipimo rahisi mno. Damu huchanganywa na sitreti ya sodiamu isigande, huwekwa kwenye kibomba chembamba chenye milimita 200, husimamishwa wima kwenye kishikio, na baada ya saa moja kamili tunasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Damu yenye moto ina protini zinazozibandikanisha chembe kama sarafu zilizopangwa, nazo zikibandikana huwa nzito na kushuka haraka. Njia hii ya Westergren ni ya miaka ya 1920 na bado ndiyo kigezo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho.

Urahisi wake ndio udhaifu wake. Kibomba kikiinama kidogo tu, nyuzi tatu hivi, jibu linaweza kuongezeka hadi asilimia 30. Meza ikitikiswa na mashine ya kuzungushia sampuli, jibu haliaminiki, na chumba kikiwa na joto kali, jibu hupanda. Sampuli ikikaa mezani zaidi ya saa nne, jibu halifai tena. Hivyo ukiona ESR imeruka kutoka 28 hadi 41 na viungo vyako ni vilevile, usipoteze usingizi. Rudia, katika maabara ileile, asubuhi, damu ikiwa mbichi.

Umri na jinsia navyo huhesabiwa. Kanuni ya haraka: mwanamume, umri wake gawanya kwa 2, mwanamke, umri jumlisha 10, kisha gawanya kwa 2. Mama wa miaka 60 anaruhusiwa 35. Fomu nyingi zinaandika kikomo kimoja cha 20 kwa watu wote, na akina mama wazee wanarudi nyumbani na hofu isiyo na sababu.

Upungufu wa damu hupandisha ESR, mimba pia, ugonjwa wa figo, kifua kikuu. Selimundu hufanya kinyume: chembe zenye umbo la mundu haziwezi kujipanga kama sarafu, kwa hiyo ESR hubaki chini hata mwili ukiwaka. Kwetu Afrika Mashariki, ambako selimundu ni jambo la kawaida katika familia nyingi, mwenye ugonjwa huo na baridi yabisi kwa pamoja amwambie daktari, naye atategemea zaidi CRP na viungo vyenyewe.

CRP hutengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Faida yake ni wepesi: moto ukiwaka inapanda ndani ya saa chache, ukizimika inashuka haraka, wakati ESR inajikokota wiki kadhaa. Umri na upungufu wa damu haviisumbui kama vinavyoisumbua ESR. Kama unaweza kumudu kimoja tu, mimi ningechagua CRP.

Lakini CRP haijui moto unatoka wapi. Malaria, jipu, kikohozi chenye makohozi, jino bovu, vyote huipandisha. Mwaka wa nne wa ugonjwa wake dada alipima CRP ikawa 96. Viungo vilikuwa vimetulia. Daktari alitaka kuongeza dawa, lakini nesi mmoja akauliza kama kuna homa. Ilikuwapo, ya siku mbili. Kipimo cha malaria kikatoka chanya, akatibiwa, na baada ya wiki tatu CRP ilikuwa 5. Dawa ya kutuliza kinga ingeongezwa siku ile, angepewa mzigo juu ya malaria. Tangu hapo nawaambia wote: usipime ESR wala CRP ya kufuatilia ukiwa na homa, mafua makali au kidonda chenye usaha. Subiri upone, wiki mbili au tatu, kisha pima. Homa yenyewe, hata hivyo, isisubiri. Ikatafutiwe chanzo siku hiyohiyo.

Kingine ni kizio. Kuna maabara zinaandika mg/L, nyingine mg/dL, na tofauti ni mara kumi. Tuliwahi kuletewa jibu la 4.8 kutoka maabara moja binafsi, tukafurahi, tukalibandika kwenye daftari. Miezi miwili baadaye nikiwa natafuta kitu kingine nikaona herufi ndogo pembeni: mg/dL. Ilikuwa 48. Mimi, mtu wa maabara, niliipita. Kila unapoandika CRP, andika namba na kizio chake.

Dawa pia huficha. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi, hushusha CRP na uvimbe upesi, na mtu anayezinunua duka la dawa bila kusema atamfanya daktari aamini kwamba metotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, inafanya kazi. Sema ukweli wa kila kidonge. Na usiziache ghafla ukishazizoea. Zinapunguzwa kwa ngazi, chini ya daktari. Kwa wachache wanaopata tosilizumabu, dawa ya kibayolojia ya kutuliza kinga, CRP inaweza kushuka karibu na sifuri hata kukiwa na maambukizi makali, kwa hiyo kwao CRP nzuri haimaanishi usalama.

Mara ngapi? Ugonjwa ukiwa unawaka, kila mwezi hadi miezi mitatu. Madaktari wa viungo duniani wanafuata kanuni hii: kama baada ya miezi mitatu ya dawa hakuna nafuu ya maana, au baada ya miezi sita lengo la kuutuliza ugonjwa halijafikiwa, dawa ibadilishwe au iongezwe. Ziandike tarehe hizo mbili kwenye daftari siku unayoanza dawa. Nimeona watu wamekaa kwenye dozi ileile miaka miwili, vidole vikipinda, kwa sababu hakuna aliyehesabu miezi.

Tano: vipimo vya damu vya kukulinda dhidi ya madhara ya dawa

Metotreksati ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi. Humezwa mara moja kwa wiki. Siku moja, ileile, kwa mfano kila Ijumaa, pamoja na foliki asidi kama ulivyoelekezwa. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Andika jina la siku juu ya pakiti kwa kalamu nene.

Vipimo vyake ni FBP, ALT na AST, na kreatini. Miezi mitatu ya mwanzo, kila wiki mbili hadi nne. Miezi mitatu inayofuata, kila wiki nane hadi kumi na mbili. Kisha kila wiki kumi na mbili kwa muda wote utakaotumia dawa. Kila dozi ikipandishwa, rudi kwenye ratiba ya karibu karibu.

Toa damu siku moja au mbili kabla ya dozi inayofuata. Ukitoa siku moja baada ya kumeza, ALT inaweza kuonekana imepanda kwa muda tu, ukaachishwa dawa inayokufaa.

Waingereza wana mipaka ambayo wakiiona hupigiana simu: chembe nyeupe chini ya 3.5, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) chini ya 1.6, chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 140, ALT au AST zaidi ya 100, kreatini kupanda kwa zaidi ya asilimia 30. Ni mipaka mizuri kuijua, ila kuhusu nyutrofili kuna jambo letu. Waafrika wengi huzaliwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu, bila ugonjwa wowote. Mtu mwenye 1.5 tangu kabla ya dawa yuko kwenye hali yake ya siku zote. Aliyekuwa na 4 akashuka hadi 1.5 ana tatizo. Bila FBP ya msingi huwezi kuwatofautisha hao wawili.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika sehemu hii: metotreksati na seprini, yaani kotrimoksazoli, haziendi pamoja. Zote huzuia foliki asidi, na zikikutana zinaweza kuzima uboho usitengeneze damu. Seprini kwetu inatolewa kwa kikohozi, kuhara, maambukizi ya mkojo, na kwa wengi wanaoishi na VVU. Kila unapoandikiwa au kununua antibiotiki, taja metotreksati kabla hujataja kinachouma.

Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, haihitaji vipimo vingi vya damu, inahitaji macho: kupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Leflunomaidi, dawa nyingine tena, hufuatiliwa kama metotreksati, pamoja na shinikizo la damu. Mwanamke anayetaka kushika mimba azungumze na daktari miezi kabla; metotreksati na leflunomaidi hudhuru mtoto tumboni.

Sita: eksirei

Picha ya kwanza ya eksirei ya mwili wa binadamu iliyopata umaarufu ilikuwa ya kiganja: mkono wa mke wa Wilhelm Röntgen, mwezi wa Desemba 1895, pete ikionekana juu ya mfupa. Zaidi ya miaka 130 imepita, na kwa baridi yabisi kiganja bado ndicho picha tunayoanza nayo.

Omba viganja viwili na nyayo mbili, picha ya kutoka mbele, hata kama kinachouma ni upande mmoja. Sababu ya nyayo ni kwamba kwa wengi mfupa huanza kuliwa kwenye kiungo cha chini ya kidole kidogo cha mguu, hata kabla ya vidole vya mikono. Mkononi angalia konzi za kidole cha shahada na cha kati, na ncha ya mfupa upande wa kidole kidogo kwenye kifundo.

Ukiishika filamu dirishani, kuna vitu vitatu unavyoweza kuviona hata wewe. Weupe wa mfupa ukiwa umefifia karibu na kiungo. Nafasi nyeusi kati ya mfupa na mfupa ikiwa imebana: hiyo ni gegedu inayoisha. Na ukingo wa mfupa ambao ulipaswa kuwa mstari laini ukiwa na kijishimo, kama mahindi yaliyodonolewa na kuku. Kijishimo hicho ndicho hasara, na hakizibiki kwa urahisi. Ripoti iachie mtaalamu wa mionzi, lakini uangalie, ni mwili wako.

Eksirei huchelewa. Ugonjwa unaweza kuwaka miezi mingi na filamu ikatoka safi. Filamu safi mwanzoni ni habari njema, na bado haimaanishi kwamba huna ugonjwa.

Rudia baada ya mwaka mmoja hivi katika miaka ya mwanzo, kisha kwa jinsi hali inavyokwenda. Ukiweza, nenda mashine ileile, na mpelekee mtaalamu picha ya zamani, azisome pamoja. Ripoti inayosema "kuna mmomonyoko" haikusaidii kama ile inayosema "kulikuwa na kijishimo kimoja, sasa ni vitatu". Ya pili inabadilisha dawa.

Kuhusu mionzi, watu wanaogopa kupita kiasi. Eksirei moja ya mkono ni kiasi unachopata kwa saa chache tu za kukaa duniani. Mjamzito aseme hata hivyo.

Na ihifadhi picha yako. Hospitali moja ilipoteza filamu za kwanza za dada, na hadi leo hatuna cha kulinganisha na zile za mwaka wa tatu. Siku hizi omba nakala kwenye CD au flashi. Filamu ya plastiki isikunjwe wala kuwekwa juani. Iweke bapa chini ya godoro.

Saba: altrasaundi na MRI, kwa swali maalumu

Altrasaundi huona utando uliovimba, maji ndani ya kiungo, na vijishimo vidogo ambavyo eksirei haijaviona. Ikiwashwa Doppler, damu inayotiririka katika utando unaowaka huonekana kama vijidoa vya rangi ya chungwa, navyo hupewa alama 0 hadi 3. Ni kipimo cha ajabu kikiwa mikononi mwa anayejua viungo. Asiyejua atakandamiza kifaa, na mgandamizo wenyewe huzima rangi. Jeli iwe nyingi na mkono uwe mwepesi. Ukiingia chumba chenye kiyoyozi kikali, pasha mikono kwanza. Na mwambie mpimaji kama umemeza dawa ya maumivu kama diklofenaki asubuhi hiyo.

Inasaidia hasa pale daktari na mgonjwa hawaelewani: mgonjwa analia maumivu, damu ni safi, vidole havionekani kuvimba. Je, moto umejificha, au maumivu yana chanzo kingine? Hapo altrasaundi inaamua.

Lakini kuifanya kila kliniki hakujaonyesha faida. Norway walijaribu, wagonjwa zaidi ya 200, matokeo yakatoka 2016: waliofuatiliwa kwa altrasaundi hawakupona zaidi kuliko waliofuatiliwa vizuri kwa kuhesabu viungo. Denmark wakafanya hivyo kwa MRI, wagonjwa 200 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, wakatoa majibu 2019: hakuna tofauti ya maana, na waliofuatiliwa kwa MRI walipewa dawa zaidi. Nayataja haya kwa sababu najua familia zilizouza mbuzi ili wapate MRI ya mkono kila mwaka. Kama huna swali ambalo MRI pekee ndiyo inaweza kulijibu, hela hiyo inunue metotreksati, foliki asidi na FBP za mwaka mzima.

Nane: shingo na mapafu

Kwa aliyeugua miaka mingi, viungo vya juu ya shingo vinaweza kulegea. Maumivu ya kisogo, ganzi ya mikono, au miguu kupoteza nguvu vinahitaji eksirei ya shingo ya upande, ikiwa imeinamishwa na ikiwa imenyooshwa. Na kabla ya upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, mwambie mtoa usingizi kwamba una baridi yabisi, maana ataikunja shingo yako kuingiza mpira wa kupumulia.

Kikohozi kikavu kisichokwisha, au kuhema ukipanda ngazi ambayo jana hukuhema, vinastahili CT skani ya kifua. Ugonjwa huu huingia mapafuni, na metotreksati nayo mara chache huyachokoza. Atakayeanzishwa dawa za kibayolojia apimwe kwanza kifua kikuu kilicholala, kwa ngozi au kwa damu, pamoja na eksirei ya kifua.

Tisa: daftari

Daftari la kawaida la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila kliniki. Juu, tarehe. Halafu dakika za kukakamaa asubuhi, viungo vinavyouma, vilivyovimba, ESR, CRP na kizio chake, himoglobini, chembe nyeupe na nyutrofili, chembe sahani, ALT, kreatini, dozi ya kila dawa, na kama kulikuwa na homa au antibiotiki tangu mara ya mwisho. Jina la maabara pembeni. Nyuma ya daftari bandika bahasha ya ripoti za picha.

Dada sasa akiingia kwa daktari hasemi "naumwa". Anafungua daftari, anaweka kidole kwenye safu, anasema, "Daktari, tazama hapa tangu Machi." Mazungumzo huanzia hapo.

Yapo machache ambayo hayangoji tarehe ya kliniki. Homa ukiwa kwenye metotreksati au dawa yoyote ya kutuliza kinga. Vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, fizi kutoka damu. Macho kuwa ya njano. Kuhema ghafla. Kiungo kimoja kilichovimba, chekundu, cha moto kuliko vingine vyote, hasa pamoja na homa: hicho kinaweza kuwa na usaha, na kinachomwe sindano ya kutoa maji yakapimwe siku hiyohiyo, si kesho. Kwa yote haya usimeze dozi inayofuata ya metotreksati hadi uonwe, na uende na daftari.